Deni la Fundi

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapata nguvu, simameni kando ya barabara inayoingia Goma kutoka kaskazini, mkatazame. Kwanza mtasikia ngurumo, kama ya pipa tupu linaloviringishwa juu ya mawe. Halafu atatokea kijana, goti moja juu ya ubao, mikono yake imeshika usukani wa mti, na mbele yake magunia ya makala, yaani makaa, yamefungwa kwa kamba hata yanamzidi kimo. Anateremka kutoka Kibumba. Chombo chake hakina injini, wala mnyororo, wala pedali. Kina mbao, misumari, na magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari la zamani. Basi, hiyo ndiyo chukudu.

Hapa Kivu ya Kaskazini hakuna mtoto asiyeijua. Ilianza kuonekana njiani katika miaka ya 1970, siku zile uchumi wa nchi ulipokuwa umezorota na watu hawana magari ya kuchukulia mavuno yao. Hakuna kiwanda kilichoileta, wala mzungu aliyeifundisha. Wenyeji waliitafuta wenyewe, wakaipata. Chukudu kubwa huchukua kilo 300 au 400, na pengine zaidi. Huchukua viazi, kabichi, maharagwe, mbao, saruji, na bidoni za njano za maji ya ziwa. Watu wa Goma wameipenda hata imesimamishiwa sanamu katikati ya mji, imepakwa rangi ya dhahabu, mtu na chukudu yake.

Tumewasikia wasukumaji wakizisifu chukudu zao kama mchungaji anavyomsifu ng'ombe wake. Huyu asema, "Hii imelipa shule ya watoto wangu." Yule asema, "Hii haijanidanganya hata siku moja." Neno hilo la pili lilitusimamisha. Je, mti waweza kudanganya, au kusema kweli? Na je, yafaa Mkristo apende namna hiyo kitu cha mbao na misumari, yeye aliyefundishwa asiweke hazina yake hapa duniani? Na yule aliyekitengeneza, ana deni gani kwa mtu atakayekitumia, ambaye labda hatamwona tena? Haya ndiyo tunayotaka kuyafikiri pamoja nanyi leo.

Kwa fundi

Siku moja tulikwenda kumtazama fundi mmoja mzee akifanya kazi. Hatutamtaja jina, maana yeye mwenyewe hapendi. Karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, na sakafu yake ni jiwe jeusi la lava. Vyombo vyake ni panga, msumeno, tezo, patasi na nyundo. Mwili wa chukudu huufanya kwa mti mgumu uitwao mumba, au kwa mkaratusi. Gurudumu hulichonga kwa mti, akalitoboa katikati, akaingiza chuma chenye gololi ndani ili lizunguke bila kusaga. Mwisho hulivika ukanda wa mpira uliokatwa katika gurudumu la gari, akaupigilia misumari pande zote. Breki nayo ni kipande cha mpira nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu.

Tukamwuliza, jambo kubwa katika kazi hii ni lipi? Tulidhani atasema nguvu, au vyombo vizuri. Akasema jambo kubwa ni kungoja. Mti uliokatwa jana ni mzito kwa maji. Ukichongwa leo, utachongeka vizuri, tena kwa wepesi kuliko mti mkavu. Lakini ukiisha kukauka unajikunja, unapungua, unapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Tundu lililoshika msumari kwa nguvu linalegea, na kile chuma cha katikati kinaanza kucheza. Siku ya kuuza, chukudu ya mti mbichi na chukudu ya mti mkavu husimama pamoja ukutani, na mnunuzi hawezi kuona tofauti. Zaidi ya hayo, ile ya mti mbichi huenda ikang'aa zaidi.

Sasa fikirini mteremko wa kutoka Kibumba. Njia ni ya mawe, mzigo ni kilo 300, kijana amepiga goti juu yake, na mbele yake watoto wavuka barabara kwenda shule. Gurudumu likipasuka pale, hakuna wa kumwokoa. Fundi hayupo. Yuko mjini chini ya mabati yake, ameisha kula fedha ile zamani. Lakini mkono wake uko pale pale katika gurudumu, ukisaidia au ukiua.

Mzee yule alituambia jambo jingine, nalo alilisema akiwa ameinama juu ya tezo yake bila kututazama. Zamani, katika siku za njaa, alikuja kijana mwenye fedha mkononi na haraka nyingi. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Fundi hakuwa na mti mkavu, alikuwa na ule uliokatwa juma lile. Nyumbani watoto walikuwa hawajala. Akachonga, akauza, akanyamaza. Kijana akaenda, wala hakurudi kulalamika. Hilo ndilo lililomsumbua mzee miaka yote. Angalirudi na hasira, angalimtengenezea nyingine. Lakini hakurudi, na fundi hajui mpaka leo kama hakurudi kwa sababu chukudu ilikuwa nzima, au kwa sababu nyingine.

Wasomaji wapenzi, tusimhukumu upesi. Nani kati yetu hajauza mti mbichi? Mwalimu anayewapitisha watoto wasiojua kusoma. Mwashi anayepunguza saruji ndani ya ukuta na kuupaka chokaa nje. Mama anayeweka maharagwe mazuri juu na yaliyooza chini ya kapu. Hata mhubiri asiyetayarisha mahubiri yake: wote wameuza kitu ambacho kasoro yake itaonekana baadaye, wao wakiwa mbali.

Neno la Mtakatifu Tomaso

Jambo hili si geni katika Kanisa. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya haki, aliuliza kama muuzaji amelazimika kueleza kasoro ya kitu anachokiuza. Jibu lake lina hekima ya sokoni, ungedhani alikaa Goma. Asema, kama kasoro imefichika, na yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji amelazimika kuieleza. Akauza farasi kilema kama mwenye mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kama nyumba imara, ametenda dhambi, na tena hana budi kulipa hasara. Lakini kama kasoro yaonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei imepunguzwa kwa haki, hapo hakulazimika kupiga mbiu.

Tazameni jinsi alivyogawa. Hakusema kila kitu duniani lazima kiwe bora. Kitu hafifu chaweza kuuzwa kwa haki, mradi kiuzwe kama kitu hafifu, kwa bei ya kitu hafifu, kwa mtu anayejua. Dhambi imo katika kuficha. Yule mzee wetu angalimwambia kijana, "Mti huu ni mbichi, chukua kwa nusu ya bei, usipakie zaidi ya magunia mawili, nawe urudi baada ya miezi mitatu nikutengenezee gurudumu jingine," asingalikuwa na mzigo moyoni.

Mama zetu wanalijua jambo hili kuliko wanafalsafa. Mama wa Goma akinunua kitenge hatazami maua yake tu. Hukigeuza, aone kama rangi imepenya, maana katika wax halisi pande mbili hulingana. Hukisugua kwa kidole, hukikunja ngumini, hukinusa. Kile cha Uholanzi, kinachotoka katika kiwanda cha Vlisco kilichoanzishwa mjini Helmond mwaka 1846, hukiweka sandukuni, akakitoa siku ya ndoa na siku ya Noeli, na mwisho binti yake akakirithi. Hakifi upesi kwa sabuni wala kwa jua. Kwa sababu hiyo wako wenye kuiga, wanaochapa maneno yale yale ukingoni mwa kitambaa kisicho chenyewe. Nyumbani kwetu kiliingia kimoja cha namna hiyo. Kilipofuliwa mara mbili, maua yote yalibaki katika beseni. Aliyekiuza hatumtaji, huenda naye alidanganywa. Lakini mtu fulani, mahali fulani, alilichapa neno lile ukingoni, naye alijua.

Kwa hiyo twaweza kujibu swali la kwanza. Ndiyo, kitu chaweza kusema kweli au kudanganya, maana kila kitu kilichotengenezwa ni neno la mtu. Chukudu inasema, "Nitachukua." Kitenge kinasema, "Nitakuvika." Sufuria inasema, "Weka motoni, usiogope." Fundi ndiye aliyelisema neno hilo, naye ndiye atakayeulizwa kama alilishika.

Watakaobisha

Lakini tunawasikia wengine wakibisha, nao wana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza asema: "Maneno haya ni ya watu wenye fedha. Maskini hununua rahisi kwa sababu ndicho anachoweza. Mkiwataka mafundi wafanye vitu bora tu, maskini atakosa kabisa." Ni kweli, na tena ni uchungu mkubwa. Mwenye fedha hununua viatu vya ngozi mara moja, akavivaa miaka mitano. Maskini hununua viatu vya karatasi kila baada ya miezi mitatu, na mwisho wa miaka mitano amelipa zaidi, na bado miguu yake iko matopeni. Umaskini una ushuru wake, nao hutozwa kidogo kidogo.

Lakini tazameni mafundi wetu walijibuje. Gurudumu la gari lililotupwa na tajiri walilikata wakafanya kiatu, ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita katambuga. Hakina uzuri wa dirishani, lakini ni vigumu kukimaliza. Chukudu yenyewe ni jibu la namna hiyo. Haikutengenezwa kwa matajiri. Wenye fedha wana malori. Imetengenezwa na maskini kwa ajili ya maskini, nayo inadumu kuliko vitu vingi vinavyofika kwa meli vikiwa ndani ya maboksi yenye picha nzuri. Basi uimara si lazima uwe anasa. Mara nyingi unataka saburi na dhamiri kuliko fedha. Tena jumuiya yaweza kusaidia: watu kumi wakichangiana kila juma, kwa mwaka kila mmoja apata chombo kizuri kwa zamu, badala ya wote kumi kununua kibovu peke yao.

Wa pili asema: "Kila kitu kikidumu, fundi atakula nini? Nikiuza chukudu isiyovunjika, mnunuzi hatarudi." Wazo hili si la karakana ndogo tu. Mwaka 1924, viwanda vikubwa vya taa za umeme vya Ulaya na vya nchi nyingine vilipatana mjini Geneva. Pamoja na kugawana masoko, viliamua kwamba taa isizidi saa 1000 za kuwaka, hali wataalamu wao walikuwa wameweza kutengeneza zinazowaka zaidi. Kiwanda kilichotoa taa za kudumu mno kilitozwa faini. Fikirini: mtu mwenye akili na elimu anaamka asubuhi kwenda kazini ili akifanye kitu kiharibike mapema! Wakati uo huo, huko Livermore katika Kalifornia, katika nyumba ya wazima moto, taa moja iliyowashwa mwaka 1901 ilikuwa ikiwaka, nayo imetimiza zaidi ya miaka mia moja. Nuru yake ni hafifu, lakini ipo.

Tumjibuje fundi anayeogopa njaa? Kwanza, Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi aliyeridhika hatarudi mwenyewe mwaka huu, lakini atamleta ndugu yake, na shemeji yake, na jirani. Pili, kitu kinachodumu hakimwachi fundi bila kazi. Chukudu nzuri hudai mpira mpya, misumari mipya, siku nyingine gurudumu zima. Tazameni chini ya baraza zetu: fundi cherehani anakanyaga mashine nyeusi aliyoirithi kwa baba yake, fundi viatu anashona soli, fundi wa sufuria anaziba tundu. Wote hao wanaishi kwa vitu ambavyo viliumbwa vizuri kiasi cha kustahili kutengenezwa. Kitu kibovu hakina fundi. Kikivunjika hutupwa, na Goma twajua takataka hizo huenda wapi: mitaroni, halafu ziwani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliikemea desturi hiyo ya kutumia na kutupa, akaonyesha kwamba mwenye kuzoea kutupa vitu hufika mahali pa kuwatupa na watu.

Moto na nondo

Wa tatu anabisha kwa neno zito kuliko yote, naye ni mtu wa Goma kweli kweli. Asema: "Mnatuambia habari za kudumu? Sisi?"

Tunamwelewa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikashuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba na maduka yalizikwa. Uwanja wa ndege ulifunikwa sehemu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi na Sake, kila mtu na alichoweza kubeba. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilikuja tena usiku, ikala vijiji, ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Na katikati ya mioto hiyo miwili, na baada yake, vita. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mapigano yaliingia mjini kwenyewe. Ni nani aliye na sanduku la vitenge leo ambaye hakuliacha walau mara moja? Bwana wetu naye alisema wazi kwamba nondo na kutu huharibu, na wezi huvunja. Sisi tungeongeza: na lava huunguza. Kama ni hivyo, ya nini kungoja mti ukauke?

Tumelifikiri neno hili kwa muda mrefu, na hili ndilo tunaloweza kusema.

Bwana wetu alitukataza kuweka hazina, hakutukataza kufanya kazi vizuri. Mambo hayo mawili yafanana kwa mbali, na kwa karibu hayafanani. Mwenye hazina anataka kitu kidumu ili yeye asihitaji mtu, wala Mungu. Fundi mwema anataka kitu kidumu ili mwenzake asianguke mteremkoni. Wa kwanza amefunga sanduku lake. Wa pili amempa mwingine kazi yake, nayo inakwenda mbali naye. Lava yaweza kuichoma chukudu kesho, lakini siku zote ilizokwenda, ilikwenda kwa uaminifu. Uaminifu ule uliisha kumfikia mtu, na mlima hauna nguvu ya kuurudisha nyuma. Watoto waliosomeshwa kwa chukudu ile wamekwisha kusoma.

Kumbukeni pia safari ya wana wa Israeli. Maandiko yanasimulia jinsi walivyotembea jangwani miaka 40, na katika miaka hiyo yote nguo zao hazikuchakaa, wala viatu vyao havikuraruka miguuni. Twafurahi kila tunapofika hapo. Mungu aliyewapa mana iliyooza ikiwekwa mpaka kesho, ndiye aliyewapa viatu visivyochakaa. Chakula kilikuwa cha siku moja, wasije wakakusanya. Lakini viatu vilidumu, kwa sababu wao walikuwa safarini, na msafiri akivunjikiwa kiatu jangwani amekwisha. Basi kitu kinachodumu kimepewa wasafiri ili wafike. Nasi watu wa Goma, tuliokimbia mara ngapi, nani ni msafiri kuliko sisi?

Hapo twapata jibu la swali la pili. Yafaa kupenda chombo kizuri, mradi tukipende kama msafiri anavyopenda kiatu chake. Na tukichunguza moyo, tutaona kwamba tunachokipenda katika chombo kile si mti. Ni mtu. Kuna mtu tusiyemjua aliyetufikiria kabla hatujafika kwake, akangoja mti ukauke kwa ajili yetu, akapiga msumari mmoja zaidi mahali ambapo hakuna jicho lingeona. Kukipenda kitu hicho ni njia ya kumshukuru. Na mwenye kuzoea kushukuru mafundi hana njia ndefu ya kumfikia Fundi aliyeifanya milima na ziwa.

Karakana ya Nazareti

Tusisahau kwamba Kanisa lile lililoangamia mwaka 2002 lilikuwa limepewa jina la seremala. Mtakatifu Yosefu hakuacha kitabu wala neno moja katika Injili. Aliacha kazi ya mikono, na Mwana aliyemfundisha kazi hiyo. Mtakatifu Yustino, shahidi wa imani wa karne ya 2, mwenyeji wa Palestina, aliandika kwamba Yesu alipokuwa kati ya watu alitengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe, pamoja na nira. Sikieni vizuri: nira. Nira ikichongwa vibaya humchubua ng'ombe shingo, na ng'ombe hana ulimi wa kumshitaki fundi. Je, twaweza kuwaza kwamba mikono ile ilitoa nira ya mti mbichi? Baba Mtakatifu Pio wa 12 alipoweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, mwaka 1955, aliinua kila karakana, hata ile ya mabati juu ya jiwe la lava.

Basi, tufanye nini?

Wewe fundi, ngoja mti ukauke. Ukishindwa kungoja, sema. Weka alama yako ndogo juu ya kazi yako, ili mwenye taabu ajue pa kurudi. Fundi asiyeogopa kurudiwa ndiye fundi.

Wewe mnunuzi, usimtese fundi kwa haraka na kwa bei isiyo na huruma. Mara nyingi mti mbichi umechongwa na fundi, lakini umeletwa na mnunuzi aliyekataa kungoja na kukataa kulipa. Haraka haraka haina baraka, wala kwa mwenye kuuza, wala kwa mwenye kununua.

Wewe mwenye chombo, kitunze. Usiilaze chukudu mvuani, usiipakie mzigo wa malori, badilisha mpira kabla haujaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena usiwe na chombo usichoweza kumwazima jirani mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali, maana siku hiyo si wewe mwenye chombo, ni chombo chenye wewe.

Na wewe uliyewahi kuuza mti mbichi, nasi tukiwamo, usikate tamaa. Mzee yule tuliyemtembelea hakuweza kumtafuta kijana wake. Lakini tangu mwaka ule hakuchonga tena mti mbichi, hata siku ambazo nyumba yake ililala bila chakula. Na kila mwaka huchukua chukudu moja nzuri, akampa kijana asiye na kitu, ailipe polepole kadiri ya kazi yake. Ni malipo kwa mtu mwingine, naye alijua, lakini ndiyo aliyoweza.

Tulipoagana naye, chukudu ilipita barabarani ikinguruma na mzigo wa kabichi. Mzee akainua kichwa, akaitazama magurudumu mpaka ilipopotea kwenye kona. Halafu akainama tena juu ya kazi yake.